Sake ya Namie haikuokolewa na "kupenda mila"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na mnisamehe nikirefusha maana hili jambo siliwezi kwa mistari mitano. Mwandishi wenu wa safu ya utamaduni aliandika kuhusu sake, ile pombe ya mchele ya Japani, baada ya UNESCO kuiingiza ile kazi ya kupika pombe kwa ukungu wa koji (kuvu inayooteshwa kwenye mchele) kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, Desemba 2024, kikao kilikuwa Asunción kule Paraguay. Makala nimeisoma yote nikairudia, kalamu anayo, sibishi. Ila kuna mahali kaniacha kabisa. Anasema viwanda vya kale vya sake vimedumu miaka mia mbili, mia tatu, kwa sababu Wajapani wanapenda mila zao, na pombe zetu za asili zinakufa kwa sababu sisi hatujipendi. Basi, kamaliza hapo.

Mimi ni Mtanga, naishi Sendai, kazi yangu ni magari, nanunua mnadani natuma Dar na Mombasa. Pombe sinywi, dini yangu hairuhusu, kwahiyo msije mkadhani natetea chupa. Lakini kazi yangu inanipitisha sana barabara ya taifa namba 6, ile inayoshuka pwani ya Fukushima kuelekea Tokyo, na kwenye hiyo barabara kuna mji unaitwa Namie, na Namie kuna kituo cha kupumzikia wasafiri, wenyewe wanaita michi no eki, unapaki gari, unakula, chooni pasafi, wakulima wanauza mboga zao pale pale. Ndani ya kituo hicho kuna kiwanda cha sake. Sio duka jamani, kiwanda chenyewe, matangi unayaona kwenye kioo. Mara ya kwanza nilisimama pale kwa habari za haidrojeni, maana Namie kuna mtambo mkubwa wa kutengeneza haidrojeni kwa umeme wa jua ulioanza 2020 na mimi mtu wa magari haya mambo ya magari ya haidrojeni lazima niyafuatilie, ila nikaondoka na stori ya pombe.

Kabla sijafika huko, hili la Wajapani kupenda mila. Miaka ya 1970 viwanda vya sake Japani vilikuwa zaidi ya elfu tatu. Leo vinavyopika kwa kweli ni kama elfu moja na mia na kitu. Mwaka uliouza sana kuliko yote ni 1973, tangu hapo soko la ndani linashuka tu hadi leo limebaki kama robo ya lile la zamani. Vijana wanakunywa bia, haibouru (wiski iliyochanganywa na soda), mvinyo, au hawanywi kabisa. Ingia baa yoyote ya Sendai siku ya Ijumaa uangalie meza za watoto wa chuo kuna nini. Kwahiyo kama ni kujipenda basi hawa nao hawajipendi, wameachia viwanda elfu mbili na zaidi vife na hakuna aliyelia barabarani. Swali langu mimi ni kwamba vile vilivyobaki vimebaki kwa nini, na jibu lake ukilitafuta kwa kiwanda kimoja kimoja unakuta vitu ambavyo havina mvuto wa kuandikwa kwenye makala, mambo ya friji, leseni, jirani, ofisi ya mkoa.

Sasa hicho cha Namie. Kinaitwa Suzuki Shuzoten, sake yao ni Iwaki Kotobuki. Zamani hakikuwa pale barabarani, kilikuwa Ukedo, kijiji cha wavuvi cha mji huo huo wa Namie, na ukisema kilikuwa pwani bado hujasema, maana walikuwa wanajitangaza kuwa ndo kiwanda cha sake kilicho karibu na bahari kuliko vyote Japani, ukuta wa kuzuia mawimbi halafu wao. Ukoo wenyewe walikuwa watu wa meli za mizigo, wakala wa bandari, na enzi ya Tenpo, yaani kati ya 1830 na 1844, himaya ya Soma ikawapa ruhusa ya kupika ile pombe ya mchele isiyochujwa. Wakaanza hapo, baba kwa mtoto.

Na mteja wao ni mvuvi. Hii ndo sehemu niliyoipenda. Ukedo boti ikirudi na samaki wa kutosha mwenye boti anapewa sake, chupa zile kubwa za lita moja nukta nane, ndo pongezi. Ikazoeleka mpaka ikawa salamu ya bandarini, mtu hakuulizi umepata samaki wangapi, anakuuliza imekuwa sake? Ikiwa imekuwa basi unajua usiku huo kuna nini. Pombe ilipikwa ikae vizuri na samaki wa pale, hirame na dagaa wale weupe wadogo, ladha nzito nzito, sio ile nyepesi yenye harufu ya matunda inayopendwa na majaji wa Tokyo. Harusi ni hiyo, msiba ni hiyo, tamasha la Februari kwenye hekalu la Kusano pale kijijini, siku ya kuombea bahari na mpunga, ni hiyo hiyo. Ukitoka nje ya wilaya kadhaa za jirani hakuna aliyekuwa anaijua. Mwandishi wenu anataja viwanda vikubwa vya Kobe na Kyoto vinavyouza mpaka Marekani, hivyo ni vingine, viwanda vingi vya sake viko hivi kama cha Ukedo, vya kata moja.

Niseme kidogo inavyopikwa maana makala imepitiwa hapo. Mchele unakobolewa kuliko wa kula, unaondolewa asilimia 30, 40, wengine mpaka nusu ya punje, unaoshwa, unalowekwa, halafu unapikwa kwa mvuke, hauchemshwi. Sehemu ya mchele inaingizwa kwenye chumba cha joto, unanyunyiziwa mbegu za ukungu wa koji, unalala humo kama siku mbili watu wanaamka usiku kuugeuza. Ule ukungu kazi yake ni kugeuza wanga uwe sukari, yaani inafanya kazi ile ile inayofanywa na kimea cha ulezi kwenye mbege ya Wachaga. Halafu wanatengeneza kianzio kwenye chombo kidogo, koji na mchele na maji na chachu, wiki mbili kwa njia ya haraka, mwezi kwa njia ya kizamani, mpaka chachu izaliane iwe jeshi. Ndipo wanaongeza mchele mara tatu ndani ya siku nne, siku moja katikati wanaiacha ipumzike, na tangi linachemka lenyewe kwa ubaridi wiki tatu, nne. Sukari inatengenezwa na inaliwa kwa wakati mmoja ndani ya tangi moja, ndo maana inafika asilimia 17, 18, hata 20 ya kilevi bila kupitishwa kwenye mtambo wa kuvukiza. Halafu inakamuliwa, makapi yanabaki, nayo hayatupwi, yanalowekewa samaki na mboga.

Kazi hiyo ni ya baridi. Zamani mkulima akishavuna mpunga na theluji ikaziba mashamba, anaondoka kwao na wenzake kwenda kupika sake miezi yote ya baridi chini ya mkuu wao, toji, anarudi majira ya kupanda. Msimu unakwisha na sherehe, siku ya kupika mchele wa mwisho wanaangusha lile pipa kubwa la mvuke na kuliosha na wanakula pamoja.

Kule Ukedo siku hiyo, mwaka 2011, iliangukia tarehe 11 Machi.

Tetemeko lilipiga saa nane na dakika 46 mchana, maji yakaja baada ya kama dakika hamsini, ukuta wa maji wa mita 15 hivi. Kiwanda hakikubakia hata tofali la kusimulia. Shule ya msingi ya Ukedo ilikuwa mita mia tatu tu kutoka baharini, walimu wakawakimbiza watoto mpaka kilima cha Ohira na wote waliokuwa shuleni wakaokoka, leo lile jengo lililotobolewa na maji ni makumbusho, lilifunguliwa Oktoba 2021, nendeni mkipata nafasi. Lakini kijiji, kile kijiji cha wavuvi na wapika sake wao, kiliondoka chote. Na usiku ule watu wa zimamoto wa kujitolea walisikia sauti kwenye kifusi, wakasema tutarudi kukipambazuka, kukapambazuka na amri ya kuhama, kwa sababu kinu cha nyuklia cha Fukushima Daiichi kiko kilomita sita au saba tu kusini yake. Hawakuruhusiwa kurudi. Watu wapatao 180 wa Namie waliondoka na yale maji. Mji wa watu elfu 21 ukahamishwa wote, watu wakatawanyika nchi nzima na wakati huo hakuna aliyewaambia kwamba ni miaka.

Haya, sasa mtu anayesema kiwanda kinadumu kwa kupenda mila aniambie hapo mapenzi yanasaidia nini. Jengo hamna, kisima kimeingia maji ya chumvi, daftari za wazee zimekwenda na maji, mpunga wa karibu haulimwi kwa ajili ya mionzi, wanywaji wako kwenye magodauni ya michezo mikoa mingine wamelala kwenye maboksi. Na chachu. Kiwanda cha zamani kina chachu zake zinazoishi kwenye mbao na kuta, miaka na miaka, ndo zinatoa ile ladha ambayo mvuvi anaitambua akiwa amefumba macho. Ukuta umekwenda, chachu imekwenda.

Ila haikwenda yote. Kabla ya maafa kiwanda kilikuwa kimepeleka sampuli ya kianzio chake kwenye kituo cha utafiti cha mkoa, kule Aizuwakamatsu, upande wa milimani wa Fukushima, ipimwe tu, kazi ya kawaida ambayo kila kiwanda cha mkoa kinaifanya. Sampuli ile ilikuwa bado ipo. Aprili 2011 wakapata habari kwamba iko salama, hai, imewekwa na mtumishi wa serikali ambaye pengine alikuwa anawaza chakula cha mchana. Hakukuwa na shujaa, ilikuwa ni fomu imejazwa, chupa ina lebo, na friji ina umeme.

Mimi nilivyosikia hilo nilikaa kimya nikafikiria sana, maana tumezoea stori za mzee aliyekimbia na kitabu cha babu kifuani. Hapa ni maabara ya mkoa!

Halafu jirani. Julai mwaka ule ule kiwanda kimoja cha Minamiaizu, milimani huko, kikawaachia nafasi na tangi wapike kwa chachu yao ile. Ni mshindani wao kibiashara, wanauza mkoa ule ule, na alijua kabisa kuingiza chachu ya mtu mwingine kwenye kiwanda chako ni hatari, ikitoroka ikiingia kwenye matangi yako umeharibu sake yako mwenyewe. Akakubali. Ikatoka Iwaki Kotobuki ya kwanza baada ya tsunami, ikapelekwa kwa watu wa Namie waliotawanyika. Inasemekana watu walilia na hilo naliamini bila ushahidi.

Tangi la kuazima haliwi kiwanda lakini. Hapa ndo nataka mwandishi wenu asome polepole. Japani leseni ya kupika sake inatoka ofisi ya kodi, na leseni mpya kwa ajili ya soko la ndani kwa miaka mingi hazitoki, hoja yao waliopo wanatosha, ni juzi tu 2021 wamelegeza na hapo ni kwa anayepika kuuza nje ya nchi peke yake. Kwahiyo aliyepoteza kiwanda hawezi tu kwenda popote akajenga. Njia iliyopatikana ikawa Nagai, mkoa wa Yamagata, kama kilomita mia na kitu kutoka Namie ukikata moja kwa moja, upande wa pili wa milima, hakuna bahari kabisa, theluji mpaka dirishani. Pale palikuwa na kiwanda kidogo cha sake kinaitwa Toyo Shuzo ambacho hakikuwa na mrithi. Na hiyo ndo sababu kubwa inayoua viwanda vya sake nchi hii, bora mjue, watoto wamekwenda Tokyo hawataki. Kile kilikuwa kinaelekea kufa kwa kukosa mtoto na kile kingine mtoto yupo ila kiwanda hakuna. Wakakutana. Kabla mwaka 2011 haujaisha Suzuki wakawa wanapika Nagai.

Na jambo ambalo mimi mfanyabiashara nalipigia saluti, hawakufuta jina la wenyeji. Watu wa Nagai walikuwa na sake yao kutoka kiwanda kile, Issho Kofuku, na waliokuja wakaendelea kuipika kwa ajili ya watu wa Nagai, kando ya Iwaki Kotobuki ya watu wa Namie. Matangi ya jengo moja, miji miwili. Mtu mwingine angenunua akabandika lebo yake kila kona siku ya pili.

Halafu kukatokea hii nyingine ambayo nadhani inafaa makala yake peke yake. Nagai wana mpango wao unaitwa Rainbow Plan, tangu 1997, maganda na mabaki ya chakula ya majumbani mjini yanakusanywa, yanageuzwa mbolea, inarudi mashambani, na mazao yanarudi kuliwa mjini. Sasa watu waliokimbia Fukushima, wakulima waliokaa bure kwenye nyumba za msaada hawana hata jembe, wakapewa mashamba wakalima mpunga wa kizamani wa Yamagata unaoitwa Sawanohana kwa mbolea ile ile ya maganda ya wenyeji wao, na mpunga huo ukapikwa sake kwenye kiwanda cha wakimbizi wenzao. Wakaipa jina Yomigaeru, kufufuka. Halafu wanasema sake ina mizizi kwenye udongo wa mahali! Ina mizizi, sikatai, ila hapa udongo wenyewe ni wa kuazima na mbolea ni makombo ya jirani.

Namie ilifunguliwa sehemu yake tarehe 31 Machi 2017. Watu wakaanza kurudi, sio wengi, mpaka leo wanaoishi ni elfu mbili na kitu kati ya wale elfu 21, na kati yao wapo wageni waliokuja kwa kazi. Ukedo kwenyewe hakurudi mtu kulala, serikali imeitangaza eneo la hatari haijengwi nyumba, bandari tu ndo imetengenezwa, boti zimerudi, na mnada wa samaki ukaanza tena pale Aprili 2020. Kiwanda kikarudi Namie Machi 2021, miaka kumi kamili. Na hakikurudi kwa huruma ya mtu, halmashauri ya mji ndo ilijenga kile kituo cha barabarani, kikafunguliwa Agosti 2020, halafu wakaongeza jengo la sake na la vyungu ubavuni mwake, kwa sababu walikaa chini wakahesabu kwamba mji usio na cha kwake cha kuuza barabarani ni mji wa kupita tu. Vyungu ni vile vya Obori Soma, vya Namie pia, vimechorwa farasi anakimbia, vina nyufa nyufa za makusudi na kuta mbili ili mkono usiungue. Kijiji cha wafinyanzi hao kilikuwa kwenye eneo lililofungwa muda mrefu kuliko mengine. Basi sasa kikombe na kinachonywewa ndani yake viko chini ya paa moja, mlango kwa mlango, na mimi nisiyekunywa nimenunua vikombe, chai ya tangawizi inakaa na moto humo vizuri mno.

Mchele nao umerudi. Wanapika mchele wa wakulima wa Namie wenyewe. Mkoa wa Fukushima ulipima kila gunia la mpunga kuanzia mavuno ya 2012, kila gunia nasema, mamilioni kwa mwaka, linapita kwenye mashine mkandani, kikomo ni bekereli (kipimo cha mionzi) 100 kwa kilo. Tangu 2020 sehemu nyingi za mkoa wameacha wanapima sampuli tu kwa kuwa miaka ilipita bila gunia kuzidi, ila miji iliyokuwa imehamishwa, Namie ikiwemo, waliendelea na kila gunia. Bado wapo watu Tokyo wanaosoma lebo wakiona Fukushima wanarudisha chupa kwenye shelfu.

Na hii ya kupimana haikuanza na nyuklia. Fukushima zamani sake yake ilikuwa inadharauliwa, ya bei rahisi. Mwaka 1992 chama cha wapika sake cha mkoa kikaanzisha chuo chao, kozi miaka mitatu, vijana wanatoka viwandani wanakwenda kusoma halafu wanarudi kazini, na wataalamu wa kile kile kituo cha Aizuwakamatsu wanawafundisha na kuzunguka kiwanda kwa kiwanda wakiwa na vipima joto. Walikuwa wameona wale wakulima wa baridi wanazeeka na hakuna wa kuwarithi. Matokeo yakachukua miaka ishirini. Mashindano ya taifa ya sake mpya Fukushima imeongoza kwa medali za dhahabu mara tisa mfululizo, kuanzia matokeo ya 2013 mpaka ya 2022, miaka ile ile dunia nzima ikisikia neno Fukushima inavaa barakoa.

Kwahiyo nikirudi kwa mwandishi wetu, kaka yangu, au dada, samahani jina halionyeshi, unapotugombeza kwamba mbege na ulanzi na wanzuki zinapotea kwa sababu hatujipendi, mimi naona unatuonea. Mama wa Kibosho anayepika mbege anaipenda, angekuwa haipendi asingeamka usiku kukoroga. Muulize kitu kingine. Muulize hamira anayotumia ikiharibika nyumba ikiungua atapata wapi nyingine, kuna maabara ipi ya mkoa wa Kilimanjaro inayo kwenye friji. Muulize leseni anapata wapi na kwa shilingi ngapi, au anakimbizana na mgambo. Muulize binti yake akitaka kujifunza kwa miaka mitatu bila kuacha kazi anakwenda chuo gani. Halmashauri imejenga stendi mpya, kwenye hiyo stendi kafikiriwa au vibanda vyote wamepewa wauza soda? Wajapani hao hao walikuja Moshi wakatujengea skimu ya mpunga na chuo pale Chekereni, tukajifunza mstari na maji na mbolea, hatukuambiwa tuupende mpunga.

Na mimi sisemi watu wanywe, nimeshasema msimamo wangu. Nasema ukiamua kuandika habari za kiwanda, andika habari za kiwanda. Kuna hata kinywaji cha koji kisicho na kilevi, amazake, kitamu cheupe kama uji, wanakunywa hata watoto, ila ndugu zangu Waislamu mliopo huku ulizeni kwanza maana kuna ya koji tupu na kuna inayotengenezwa kwa makapi ya sake, hiyo ya pili inabaki na kilevi kidogo, na kwenye kopo zinafanana.

Mambo mawili madogo ya kusahihisha nimalize. Kwanza mmeandika sake ni "kama gongo la mchele". Hapana, gongo linavukizwa, sake haivukizwi, nimeeleza hapo juu. Kinachovukizwa ni shochu na awamori ya Okinawa, nazo zimo kwenye orodha ile ile ya UNESCO kwa kuwa zinatumia koji, labda ndo palipochanganya. Pili ile picha ya mapipa yaliyopangwa yenye maandishi makubwa, mmeweka maelezo "ghala la kiwanda cha sake". Ile ni picha ya hekaluni, mapipa yale huwa ni ya mapambo, viwanda vinayatoa kwa ajili ya ibada na yanayokaa nje vile kwa kawaida ni matupu. Mkitaka picha ya kiwanda semeni, napita Namie mara kwa mara, ntawapigia bure, ila ya nje na ya kioo tu maana ndani wakati wa koji hawaingizi mtu, hasa aliyekula nattō (soya iliyochachushwa) asubuhi, wanasema bakteria wake wanaharibu kila kitu.

Ni mimi msomaji wenu,
Mtanga wa Sendai, Japani